Ugaidi unaweza kuisha, lakini si kwa misako ya Eastleigh

Ukitaka kuingia jumba lolote la maduka hapa Nairobi lazima ufungue mkoba. Soja anachungulia kwa sekunde mbili, anapitisha kale kamashine kake kiunoni mwako, kanalia pii, kisha anakuambia upite. Kamelia, na bado umepita. Wewe unajua hajaangalia kitu, na yeye anajua kwamba unajua. Tumeishi hivi tangu Westgate, Septemba 21, 2013, watu 67 walipouawa. Sisi tuliokuwa bado shule ya msingi siku hiyo tumekua tukidhani kwamba usalama ndio huo: mkoba wazi, mlio, twende.

Sasa kuna swali ambalo huwa linaulizwa kila Aprili tukikumbuka Garissa na kila Agosti tukikumbuka bomu la 1998: ugaidi utawahi kuisha? Watu wengi hujibu haraka sana. Kuna wale wa "hao watu wamalizwe tu", na kuna wale wa "hii dunia haina dawa, tuombe Mungu". Nikuambie ukweli, hao wote wawili wamekataa kufikiri, ni vile tu mmoja anapiga kelele na mwingine ananyamaza.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Ugaidi ni mbinu. Ni kuua watu wasio na silaha ili wale waliobaki waogope na serikali ibabaike. Mbinu haiwezi kuisha, kama vile wizi wa mabavu haujaisha tangu Adamu. Kitu kinachoweza kuisha ni kundi. Na makundi yameisha mengi tu. IRA ya Ireland Kaskazini ililipua watu miaka na miaka, lakini mwaka wa 1998 mkataba wa amani ukatiwa sahihi na siku hizi watu wa pande zile wanapigania viti vya bunge. ETA ya Uhispania ilijivunja yenyewe mwaka wa 2018. Shirika la utafiti la RAND la Marekani lilihesabu makundi 648 yaliyokuwapo kati ya 1968 na 2006 na kuuliza: yale yaliyokufa yalikufa vipi? Ukiondoa yale yaliyogawanyika tu, asilimia 43 yaliingia kwenye siasa. Asilimia 40 yalimalizwa na polisi na majasusi. Asilimia 10 yalishinda na kupata yaliyotaka. Jeshi lilimaliza asilimia 7. Saba, msee. Utafiti huohuo unasema makundi yanayotumia jina la dini huchukua muda mrefu zaidi kuisha, kwa hivyo sikudanganyi kwamba Al-Shabaab itakuwa imefunga virago kufikia Krismasi.

Lakini ona vile sisi tumeweka nguvu zetu. Oktoba 2011 jeshi letu lilivuka mpaka kuingia Somalia baada ya watalii na wafanyakazi wa misaada kutekwa nyara upande wetu. Jeshi liliuteka Kismayu mwaka uliofuata pamoja na wenzao Wasomali, na hilo si jambo dogo. Halafu Westgate ikaja. Mpeketoni ikaja. Garissa ikaja, Aprili 2, 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wako. Tukaamua pia kujenga ukuta mpakani. Mwaka wa 2019 wabunge wakaambiwa kwamba shilingi bilioni 3.4 zimetumika na kilichojengwa ni ua wa waya wa kama kilomita 10. Mpaka wetu na Somalia ni zaidi ya kilomita 600. Piga hesabu hiyo ukiwa umeketi.

Sisemi wanajeshi wetu wanafanya kazi bure. Nasema kuna sehemu ya hii vita ambayo bunduki haifiki, na hiyo sehemu iko mtaani kwetu.

Chukua watu wawili. Wa kwanza ni Abdirahim Abdullahi, mmoja wa wale wanne walioingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri ile. Huyu hakuwa mtoto wa mtaani asiye na kitu. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi na akamaliza. Baba yake alikuwa chifu kule Mandera. Wa pili ni Ali Salim Gichunge, mmoja wa walioshambulia DusitD2 pale Riverside mnamo Januari 15, 2019, watu 21 wakafa. Mkenya, mtoto wa mwanajeshi wa Kenya, amepanga nyumba Muchatha, Kiambu, kama mtu yeyote wa mshahara. Vyombo vya habari viliripoti kwamba siku chache kabla ya shambulio, vitu vya nyumba yake vilikuwa vikiuzwa mtandaoni. Kochi, sijui meza, vitu kama vile ambavyo mimi na wewe tunaangalia tukihama bedsita.

Wawili hawa wanatupa shida kwa sababu wanaharibu hadithi mbili tunazozipenda. Hadithi ya kwanza ni kwamba gaidi ana sura fulani, jina fulani na anaishi mtaa fulani. Hadithi ya pili ni kwamba ukimpa kijana kazi, basi, umemaliza ugaidi.

Hiyo ya pili wacha niikalie kidogo, maana inanigusa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda. Tangu hapo nimejikuta kwenye orodha ya wanaoitwa "vijana walio katika hatari". Niliwahi kualikwa na shirika moja, jina nawaachia wao, kwenye semina ya kuzuia itikadi kali. Tulipewa fulana, chai na maandazi mawili, halafu mtu akatuonyesha picha za ukutani akitufundisha kutengeneza sabuni ya maji. Sabuni ni biashara fiti, sikatai, kuna wasee wamelipa kodi nayo. Lakini mle ndani kulikuwa na kijana ambaye kaka yake alichukuliwa na watu wenye gari lisilo na nambari na hajaonekana tena. Hakuna aliyemuuliza chochote. Alipewa lita tano za sabuni.

Huyo kijana ndiye swali lenyewe. Umoja wa Mataifa kupitia shirika la UNDP ulihoji mamia ya watu waliowahi kujiunga kwa hiari na makundi ya aina hii katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, na ripoti ikatoka mwaka wa 2017. Waliulizwa: ni jambo gani hasa lililokusukuma ukavuka ule mstari wa mwisho? Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kwa mfano ndugu au rafiki kuuawa, ama kukamatwa. Ripoti ya pili ya 2023 ilionyesha pia kwamba robo ya waliojiunga walisema sababu yao kubwa ilikuwa kutafuta kazi, na waliotaja dini walikuwa asilimia 17. Kwa hivyo doo ni sababu, ndiyo, na usajili unalipa. Lakini umaskini unaweka kuni tu. Mwenye kuleta kiberiti mara nyingi ni karao.

Nitakupa mfano ambao wengi mnaukumbuka, au mmehadithiwa na wakubwa. Machi 31, 2014, milipuko iliua watu sita Eastleigh. Wiki hiyohiyo serikali ikaanzisha Operesheni Usalama Watch. Watu kama 4,000 walikamatwa, wengi Wasomali, wengi wakalazwa katika uwanja wa Kasarani, wengine na watoto wao. Uwanja wa mpira! Milango ilivunjwa usiku, wenye vitambulisho wakaambiwa ni bandia mpaka watoe kitu kidogo. Kuna polisi waliokuwa wakiwaita Wasomali wa Eastleigh "ATM", kwa sababu ukibonyeza inatoa. Na baada ya hayo yote, mwaka mmoja baadaye, Garissa.

Hebu jiweke kwenye kiatu cha msajili wa Al-Shabaab mwaka huo. Kazi yake ni kumshawishi kijana wa Pumwani au wa Kisauni kwamba Kenya si nchi yake. Angehitaji miezi ya mahubiri. Sisi tukamfanyia kazi hiyo wiki moja, bure, na kwa gari la serikali.

Mombasa hadithi ni hiyohiyo. Aboud Rogo alikuwa mhubiri hatari, Umoja wa Mataifa ulikuwa umemwekea vikwazo, na alikuwa na kesi mahakamani. Agosti 2012 akapigwa risasi barabarani ndani ya gari akiwa na familia yake. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Kama ana hatia, hiyo hatia tungeisikia ikisomwa na hakimu, na mimi na wewe tungejua alifanya nini na nani alimlipa. Badala yake jiji lilichomeka siku kadhaa, na mahubiri yake yakaendelea kuzunguka kwenye simu, sasa kwa sauti ya mtu aliyeuawa. Mtu aliyefungwa kwa ushahidi ana wafuasi wachache kuliko mtu aliyezikwa bila maelezo.

Najua kuna msomaji ameanza kukunja uso. Ati huyu anatetea magaidi. La. Aliyeua wanafunzi Garissa ni muuaji, na nataka wenzake wakamatwe, washtakiwe na wafungwe miaka yote ambayo sheria inaruhusu. Ninachokuuliza ni hiki: nani atakuambia wako wapi?

Hapo ndipo pa kukaa na kufikiri. Mipango hii haigunduliwi na vifaru. Inagunduliwa na mama anayeona kijana wake amebadilika, ameacha kusalimia, anawaita majirani makafiri, simu mbili, safari ambazo haelezi. Inagunduliwa na mwenye nyumba, na yule jamaa wa duka la M-Pesa, na mwenzake wa chumba. Hao ndio majasusi wa kweli wa nchi hii na hawalipwi hata senti. Sasa huyo mama ana chaguo gani? Akimpigia chifu, huenda kijana akachukuliwa usiku na asirudi. Akinyamaza, labda kijana atabadilika, nani ajuaye. Mama yeyote ninayemjua, wangu akiwa wa kwanza, atanyamaza. Wako pia. Usinidanganye.

Na hata yule anayejitokeza, tunamfanya nini? Baba yake Abdirahim, yule chifu wa Mandera, alikuwa ameiambia serikali kwamba mwanawe ametoweka na kwamba anahofia ameenda Somalia. Baba! Mtu wa serikali mwenyewe, amepiga ripoti kuhusu damu yake. Habari hiyo haikumzuia kijana kufika Garissa.

Kwa hivyo ukiniuliza tutaanzia wapi, sitakutajia ndege zisizo na rubani. Nitasema tuanze kwa kumpa huyo mama pahali pa kupiga simu ambapo hatapigiwa hesabu ya maiti. Mtu akishukiwa, akamatwe mchana, apelekwe mahakamani kwa muda uliowekwa na Katiba, familia ijue yuko seli gani. Inasikika kama kitu kidogo. Jaribu kuuliza familia zinazozunguka mochari na vituo vya polisi pale Pwani kama ni kidogo.

Halafu wale wanaotaka kurudi. Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, waziri wa usalama wa wakati huo, Joseph Nkaissery, alitangaza msamaha kwa vijana waliokwenda Somalia wakirudi na kujisalimisha. Wazo lilikuwa zuri, na lilihitaji ujasiri kwa sababu nchi ilikuwa na hasira. Utekelezaji ndio ulioanguka. Watetezi wa haki wameandika visa vya Kwale, watu waliorudi kisha wakauawa ama wakatoweka, wengine mikononi mwa wenzao wa zamani, wengine na watu ambao hawajawahi kujulikana. Kijana aliye msituni Boni leo, aliyechoka na njaa na mbu, anazisikia hizo habari. Anajua akibaki anaweza kufa na akirudi anaweza kufa. Kwa nini arudi?

Suala la kitambulisho nalo lisikupite. Wewe wa Kayole ulichukua kipande kwa wiki chache, ukalalamikia foleni. Mwenzako Msomali wa Garissa, Mnubi wa Kibra ama Mwislamu wa Pwani alikuwa akiitwa mbele ya kamati ya wazee kuthibitisha kwamba babu yake ni Mkenya. Bila kipande hakuna kazi, hakuna laini ya simu, hakuna akaunti, na kila kizuizi cha polisi ni ada. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba uchunguzi huo wa ziada umeondolewa. Vizuri. Karatasi imesainiwa, kitu cha kuangalia sasa ni kama afisa wa dirishani amepata habari.

Tena kuna uharibifu ambao sisi wa Nairobi hatuuoni kabisa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa. Baadaye tume ya walimu ikahamisha walimu wengi wasio wa eneo hilo. Siwalaumu walimu, mtu ana watoto wake. Lakini fikiria kuna watoto waliobaki darasani na ubao mtupu, fizikia hakuna, hesabu hakuna, na mtihani ni uleule unaofanywa na watoto wa Alliance. Wenye bunduki walitaka hasa hilo. Kila shule inayofungwa kule ni ushindi wao, na haitangazwi kwenye habari za saa moja kwa sababu hakuna moshi.

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka wa 2025, baada ya maandamano ya Juni 25, vijana walipelekwa mahakama ya Kahawa kwa mashtaka ya ugaidi. Vijana wa rika letu, chini ya Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, sheria iliyotungwa kwa ajili ya watu wa mabomu. Kama kuna aliyechoma kituo cha polisi, kuna sheria ya kuchoma. Kama kuna aliyeiba dukani, kuna sheria ya wizi, na mwenye duka anastahili haki yake. Lakini ukimwita gaidi kila anayekukera, umefanya mambo mawili kwa mpigo. Umemvunjia heshima marehemu wa Garissa, kwa kuliweka jina la muuaji wake kwa msee aliyebeba bendera na chupa ya maji. Na umelimaliza nguvu neno lenyewe. Siku polisi watakapokuja mtaani kusema "tunatafuta gaidi, tusaidieni", watu watauliza: gaidi wa aina gani, wa bomu ama wa mabango? Watafunga milango. Gaidi halisi atapita hapo katikati.

Kisha kuna sisi wenyewe, maana si kila kitu ni serikali. Mara ngapi umekaa kwa matatu, mtu mwenye kanzu na begi akaingia, na watu wakaanza kusogea? Mara ngapi jamaa wa base ameitwa "Al-Shabaab" kwa utani kwa sababu tu anaitwa Abdi, akacheka nanyi? Huwa anacheka. Akifika nyumbani sijui kama anacheka bado.

Novemba 2014 basi lilitoka Mandera likatekwa, abiria wakatenganishwa kwa dini, watu 28 wakauawa. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 21, 2015, basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak na wauaji wakatoa amri ileile: Waislamu huku, wengine kule. Waislamu walikataa. Wanawake waliwavisha wenzao Wakristo hijabu. Waliwaambia washambuliaji kama ni kuua waue wote ama waondoke. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki hospitalini mwezi uliofuata. Watu wawili waliuawa siku ile, lakini hapakuwa na mauaji ya halaiki kama ya mwaka uliotangulia. Hawa abiria hawakuwa na silaha wala semina. Walikuwa na jambo moja tu ambalo msajili hawezi kulivumilia: hawakukubali kugawanywa.

Ndiyo maana nakataa ile lugha ya kukata tamaa. Al-Shabaab kule Somalia ni serikali ndani ya serikali, inatoza ushuru, ina mahakama zake, na mwisho wake utaamuliwa zaidi na Wasomali wenyewe wakipata dola inayofanya kazi. Huko mkono wetu ni mfupi. Lakini tawi lake la Kikenya, lile linalookota vijana Majengo, Isiolo, Likoni na hata Nyeri, linakula chakula tunachompikia. Tukiacha kupika, litakonda.

Kampeni za 2027 zitakuja hadi mtaani kwako, na kutakuwa na mheshimiwa jukwaani akiahidi usalama, kamera za barabarani na magari mapya ya polisi. Usipige makofi kwanza. Inua mkono umuulize: yule chifu wa Mandera alipopiga ripoti kuhusu mwanawe, ripoti ilienda wapi, nani aliisoma, na leo mzazi akipiga nyingine itafika kwa nani?